Roboti Mwenye Mkasi Kichwani

Mwaka wa 1987 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Mega Man, ambao Wajapani wenyewe wanauita Rockman. Ni mchezo wa kurukaruka: shujaa mdogo wa rangi ya samawati anadunda kutoka jukwaa hadi jukwaa, anakwepa mashimo, anawapiga maadui risasi. Maadui wakubwa ni sita, na mmoja wao ni Cut Man. Ana mkasi kichwani. Anauchomoa, anaurusha, unazunguka hewani kisha unamrudia. Hadithi ya mchezo inasema Cut Man hakuundwa apigane na mtu. Dkt. Light alimuunda awe mkata miti, kibarua wa msituni. Dkt. Wily akamwiba, akambadilisha akili, na tangu hapo akawa adui.

Katika vibanda vya michezo vya Litein na Mogogosiek, kwenye kaunti za chai za Kericho na Bomet, kinachochezwa zaidi ni kandanda, na si ajabu jina la Cut Man likawapita vijana wengi wa huko. Lakini ndugu yake, mashine ya kuvuna chai, wanamjua vizuri. Ana injini ya petroli, upanga wa meno unaokwenda na kurudi, na feni inayopuliza majani yaliyokatwa hadi ndani ya mfuko mrefu unaofuata nyuma. Watu wawili wanamshika, mmoja upande huu wa mstari wa chai na mwenzake upande ule, wanatembea sambamba huku wengine wakishikilia mkia wa mfuko usinase kwenye matawi. Mlio wake unasikika kutoka barabarani. Yuko na kaka yake mkubwa, anayejiendesha kwa minyororo kama tingatinga, dereva akiwa amekaa juu. Huyo mkubwa ndiye anayesemwa kwamba siku moja anafanya kazi ya wachumaji mia.

Kwa mhandisi, hawa wote wawili si roboti. Hawaoni, hawachagui, hawaamui lolote. Lakini neno lenyewe linafaa kuliko anavyodhani mhandisi. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, ndiye aliyelitia duniani katika tamthilia yake ya 1920, nalo limetoka kwenye neno la kwao lenye maana ya kazi ya shokoa, ile ambayo mtwana alilazimika kumfanyia bwana shamba. Kiswahili nacho kina historia ya namna hiyo. Kibarua kwanza ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kutwa pwani. Cheti kikageuka jina la kazi, kisha jina la mtu anayeifanya. Lugha mbili zisizojuana zimemtaja mfanyakazi kwa jina la masharti yaliyomfunga. Sasa masharti hayo amepewa mashine, na mwenye kibarua anaambiwa arudi nyumbani.

Mwezi wa Mei 2023 hasira ililipuka Kericho. Mashine tisa za kuvuna chai za Ekaterra, kampuni iliyokuwa ikitengeneza chai ya Lipton, ziliharibiwa kwa moto. Mwandamanaji mmoja aliuawa na watu wengi wakajeruhiwa, maafisa wa polisi wakiwemo. Chama cha wenye mashamba makubwa, KTGA, kilikadiria hasara kuwa shilingi milioni 170. Ukigawanya kwa tisa, ni karibu milioni 19 kwa kila mashine, pesa ambazo mchumaji hawezi kuziona akiishi mara tatu.

Sasa swali. Mashine za kunyoa nywele hatuzichomi, matrekta hatuyachomi, na kinu cha umeme cha kusaga mahindi kilipofika kijijini tulikishangilia. Kwa nini hii?

Jibu la haraka ni ajira, na ajira ni jibu la kweli. Jopo lililoundwa na serikali ya kaunti lilizunguka wadi zote za Kericho, na mmoja wa wanajopo, aliyewahi kuwa afisa mkuu wa KTGA yenyewe, alisema ajira 30,000 zilikuwa zimepotea Kericho pekee katika mwongo mmoja kwa sababu ya mashine. Lakini ajira peke yake haielezi moto. Watu hupoteza kazi kila siku nchini Kenya, viwanda hufungwa, mabenki hupunguza makarani, na hakuna anayebeba kiberiti. Lazima kuna kitu kingine kilichokatwa na ule upanga pamoja na majani.

Anza na ardhi. Brooke Bond na James Finlay walishika mashamba ya Kericho katikati ya miaka ya 1920, juu ya nchi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewapokonya wenyeji wake, Wakipsigis. Waliofuata kuondolewa ni Watalai, ukoo wa viongozi wa dini na siasa: mwaka wa 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwang'oa na kuwapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, penye mbung'o na malaria. Mwaka wa 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza juu ya jambo hilo, na 2022 wadai wakafika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kwa hiyo unapopita barabara ya Kericho na kuona lile zulia la kijani lililosawazishwa kama meza, ujue unaona pia kesi ambayo haijaisha.

Kilichoifanya kesi hiyo ilale muda mrefu ni kazi. Hakuna mkataba ulioandikwa hivyo, lakini kwa karibu miaka mia moja makampuni yalikuwa yakilipa kodi ya ardhi kwa njia ya mishahara. Na si mshahara tu. Mchumaji wa kampuni alipewa nyumba kambini, watoto wakasoma shule ya kampuni, mgonjwa akapelekwa zahanati ya kampuni, na mwisho wa mwezi duka la Kericho mjini likauza sukari na mabati. Mwenyeji aliyetazama shamba la babu yake likiwa mikononi mwa wageni aliweza kujiambia kwamba angalau linalisha watu. Mashine ilipofika, shamba likabaki palepale, chai ikaendelea kwenda Mombasa, na kodi ikakoma. Mpangaji hakuhama, ameacha tu kulipa. Hilo ndilo linalowasha moto, na ndiyo maana kelele za mashine na kelele za ardhi zinatoka vinywani mwa watu walewale siku ileile.

Nyumba nayo isisahaulike. Anayefutwa kazi mjini anabaki na chumba chake hadi kodi imshinde. Anayefutwa kazi kambini anapoteza kazi, paa na shule ya mtoto kwa barua moja. Na kwa kuwa wengi wa wachumaji wa zamani walitoka Kisii, kwingineko Nyanza na Magharibi, wa kwanza kupunguzwa walifunga virago, wakapanda matatu na kutoweka machoni. Hakuna aliyewahesabu walikoenda. Kericho ilianza kulia kwa sauti upanga ulipowafikia watoto wa Kericho, na nadhani hilo inafaa tulikiri bila kuona haya.

Katika michezo ya kuruka kuna maadui wa kila kona, wale unaowakanyaga bila kufikiri, na kuna adui adimu, anayetokea hatua moja tu katika mchezo mzima. Huyo adimu anakuumiza kwa sababu hujafanya naye mazoezi. Mashine ya chai ilianza hivyo. Mwaka wa 2010, chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, kilipogoma kuipinga, mtu aliweza kusafiri kutwa nzima kati ya Kericho na Bomet asiione. Huo ndio uliokuwa wakati wa kupatana, mashine ikiwa ngeni na mchumaji bado akihitajika. Miaka mingi ikapotea mahakamani na katika vikao vya mishahara. Chama kilidai nyongeza ya asilimia, kampuni ikakubali au ikakata rufaa, na kila nyongeza iliyopatikana kwa jasho ikawa hoja mpya ya mkurugenzi ya kuagiza mashine. Silaumu wafanyakazi kudai. Nalaumu mazungumzo yaliyogusa bei ya mkono bila kugusa idadi ya mikono.

Wapo watakaosema moto haujawahi kuishinda mashine. Historia haisemi hivyo moja kwa moja. Mwaka wa 1830 vibarua wa mashamba wa kusini mwa Uingereza, kuanzia Kent, walivunja mashine za kupukuchua ngano zilizowanyima kazi ya msimu wa baridi. Watu 19 walinyongwa na karibu 500 wakahamishiwa Australia kama wafungwa. Lakini wanahistoria Eric Hobsbawm na George Rudé, katika kitabu chao cha 1969 juu ya ghasia hizo, walihitimisha kwamba mashine hazikurudi kwa wingi ule wa mwanzo. Kibarua alipigwa, ila mashine nayo ilirudi nyuma.

Sababu inatufaa sisi. Mwenye shamba wa Kent aliishi kijiji kimoja na vibarua wake na kulipa kodi ya kuwatunza maskini wa kijiji. Kila aliyemfuta kazi alirudi mlangoni kwake kwa njia ya kodi hiyo. Alikuwa jirani, na ghala lake liliweza kuungua tena kesho. Mwenye shamba la Kericho ni nani? Brooke Bond ilichukuliwa na Unilever mwaka wa 1984. Unilever ikauza biashara yake ya chai, ndiyo hiyo Ekaterra, kwa CVC, wawekezaji wa Ulaya, mauzo yakakamilika 2022 kwa bei ya yuro bilioni 4.5. Mashamba ya Finlay yakaenda kwa Browns ya Sri Lanka mwaka wa 2023, na 2024 wenye Lipton nao wakakubaliana kuiuzia Browns hiyohiyo mashamba yao ya Kenya. Kijana anayebeba kiberiti leo anachoma mali ya mtu ambaye mwakani huenda si mwenye shamba tena. Ni kama katika mchezo: Cut Man hupigwa kirahisi kwa mawe; ukipata nguvu za Guts Man, mwenzake katika wale sita, unanyanyua vipande vya mwamba vilivyomo chumbani mwake na kumrushia mara mbili, amekwisha. Ila ukifika ngome ya Dkt. Wily unamkuta tena amesimama mzima, pambano linaanza upya.

Na tusifanye mkono kuwa kitu kitakatifu. Mwezi wa Februari 2023, miezi mitatu kabla ya moto, BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi walivyonyanyaswa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya makampuni mawili makubwa ya chai Kericho. Mtu anaweza kusema, basi afadhali mashine, haiombi mtu chochote. Mimi naona kinyume. Nyapara hupata nguvu pale kazi zinapokuwa chache na wanaozitaka kuwa wengi. Mashine haimgusi mwanamke, lakini kila inapopunguza nafasi kumi, zile mbili zilizobaki zinakuwa mali ya nyapara azigawe atakavyo. Tena wanaoshika mashine wengi ni wanaume.

Sasa sogea uone kazi yenyewe. Mchumaji hodari haangalii mikono yake. Amefunga plastiki kiunoni kwa sababu umande wa asubuhi unalowesha hadi mapajani, amevaa gambuti, kikapu kiko mgongoni. Mbele yake amelaza ufito mrefu juu ya chai: kilichochomoza juu ya ufito ni chake, kilicho chini kinangoja wiki ijayo. Vidole vinatafuta majani mawili na chipukizi, vinavunja, vinatafuta tena, konzi ikijaa mkono unarusha nyuma ya bega bila shingo kugeuka. Anaharakisha kwa sababu analipwa kwa kilo, na kwa sababu mvua ya Kericho hupenda alasiri, mara nyingine ikiwa ya mawe. Upanga wa mashine haujui ufito. Unakata kila kilichofika kimo chake: chipukizi, jani gumu, kikonyo, hata tawi dogo likizembea. Ndiyo maana shamba la mashine hukatwa kwa usawa na kungojwa muda mrefu zaidi kati ya mavuno, na ndiyo maana kiwandani kunahitajika kazi ya ziada ya kutoa vijiti. Chai yetu nyingi husagwa na kuchanwa kuwa punje ndogo za kuingia kwenye pakiti, kwa hiyo makampuni yanaweza kuvumilia jani lililochanganyika. Mnywaji wa Karachi haoni kijiti kwenye kikombe chenye maziwa na sukari.

Mkulima mdogo hawezi kuvumilia hivyo, na hapa ndipo mjadala wa Kericho na Bomet unapofumba jicho moja. Wakulima wadogo zaidi ya 600,000 nchini huuza chai kupitia viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, na ndio wanaotoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Konoin, Bureti, Ainamoi, kila boma lina ekari yake au nusu ekari. Wengi wao walishangilia au walinyamaza mashine za kampuni zilipoungua. Lakini nenda kwenye kituo cha kununulia majani chai saa nane mchana, utaona gunia ambalo halikuchumwa kwa vidole. Mkulima amezeeka, watoto wako Nairobi, mchumaji anataka malipo yake kwa kilo na msimu wa mvua hapatikani. Jirani ana mkasi wa injini, atamaliza kwa asubuhi moja. Mkulima huyu anafanya hesabu ileile ya mkurugenzi aliyeko Colombo, tofauti ni ukubwa wa mfuko.

Adhabu yake inakuja mwezi wa Oktoba, kwenye bonasi. Mwaka baada ya mwaka viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa, kule Murang'a, Kirinyaga na Meru, hulipa bonasi nono kuliko vya magharibi, na kila mwaka Kericho na Bomet hulalamika. Sababu ni nyingi, usimamizi wa viwanda ukiwemo, na siwezi kuwatetea wakurugenzi. Lakini ubora wa jani ni mojawapo, na mnunuzi wa mnada wa Mombasa anapoonja chai haulizi kama upanga ulishikwa na kampuni au na mjomba. Kampuni inaumizwa na bei ya chini lakini imeokoa mishahara ya mamia. Mkulima mdogo aliyemwacha mchumaji mmoja ameokoa kidogo na kupoteza bonasi ya mwaka. Kwake ndiko mkasi ulikogeuka adui hasa, na yeye ndiye aliyeualika.

Lile jopo la kaunti, lililokwisha kusikia karibu kila wadi ikisema mashine ziende, lilileta mapendekezo mwezi wa Machi 2023: asilimia 60 ya uvunaji iwe ya mashine, 40 iwe ya mkono, na iwekwe sheria ya kudhibiti uagizaji wa mashine. Usome tena. Wananchi wanasema sifuri, jopo lao linaandika 60. Sisemi walinunuliwa, nadhani walitazama hesabu za makampuni na kuona kwamba sifuri haipo tena. Kasoro ninayoiona katika pendekezo hilo ni nyingine. Asilimia 60 ya nini? Ya ekari, ya kilo, au ya siku za kazi? Kampuni ikiweka mkono kwenye ekari mbaya za mteremkoni, ambako mashine haifiki hata hivyo, itatimiza uwiano bila kumrudisha kazini mtu mmoja. Na nani atahesabu?

Jibu la makampuni kwa suala la ardhi limekuwa hisa. Finlay ilipouza kwa Browns, asilimia 15 ilitengewa ushirika wa jamii ya wenyeji. Ni hatua, na si ndogo. Babu aliyefukuzwa 1934 hangeamini. Ila hisa si mshahara. Mshahara ulifika kila mwisho wa mwezi hata chai ilipouzwa kwa hasara. Gawio hufika bodi ikitangaza faida, na hufika kwa ushirika, kisha ndipo lianze safari ya kumtafuta mwanachama. Aliyekuwa akichuma kilo 40 kwa siku ili kulipa karo hawezi kumwambia mwalimu mkuu angoje mkutano wa wanahisa. Kodi ya ardhi iliyokuwa ikilipwa kwa watu maelfu, wengi wao wanawake, sasa italipwa kupitia kamati. Na sote tunazijua kamati.

Katiba ya 2010 iliamua kwamba mgeni hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa mkataba usiozidi miaka 99. Hapo ndipo kaunti za Kericho na Bomet zina nguvu ambayo kiberiti hakina: masharti ya mkataba yanaweza kutaja watu. Kodi iliyokuwa imefichwa ndani ya mishahara iandikwe sasa mahali inapoonekana, kwa shilingi kwa kila kilo inayokatwa na mashine, ilipwe kila mwezi kama mshahara ulivyolipwa, iende kwa kaya zilizotoka kambini na kwa kaunti.

Ili hilo liwezekane lazima kilo zijulikane, na hazifichiki. Kila lori la majani linaloingia kiwandani linapimwa mizani, na kila meneja anajua shamba gani limevunwa kwa mkono na lipi kwa mashine. Mwaka wa 2023, mwaka wenyewe wa moto, Kenya ilizalisha chai kilo milioni 570 hivi, juu kuliko 2022. Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti za Kericho na Bomet, safari ijayo mkikutana na wenye mashamba, msiulize wana mashine ngapi. Waombeni daftari la mizani.